Mama alisema mdogo wangu ‘ameambukizwa’

Siku mdogo wangu alipotuambia kwamba amesilimu, Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Alimaliza ile aliyokuwa ameishika, akaitumbukiza kwenye maji, kisha akauliza swali moja tu: “Nani amekuambukiza?”

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita wanajua kwamba hadithi hii niliianza nikaikatisha njiani. Koo lilinikaba, ikabidi mwenzangu abadilishe mada. Wengi mmetuandikia mkiuliza, je, iliishaje? Nimeona niiandike, maana kuna sehemu yake ambayo nikiisema kwa mdomo naanza kujitetea, na sitaki kujitetea.

Kwa wageni: sisi ni Walutheri wa Bukoba. Wazazi walikuja Uingereza kabla sijazaliwa, mimi na mdogo wangu tumezaliwa na kukulia Reading. Mama ni nesi, amezeeka na wodi. Mimi ni mchambuzi wa takwimu za afya ya jamii. Kazi yangu, kwa lugha nyepesi, ni kuhesabu nani kamwambukiza nani, wapi, na kwa kasi gani. Kwa hiyo neno “kuambukiza” nyumbani kwetu ni kama chumvi, liko kwenye kila sufuria.

Mama aliposema vile sikucheka. Nilimwelewa. Na mbaya zaidi, nilikubaliana naye.

Ndani ya wiki mbili familia ikawa na mpango. Hakuna aliyeuita karantini, lakini ndivyo ulivyokuwa. Watoto wa Mjomba wasiende tena kwake mwisho wa wiki. Krismasi asialikwe, “ili pasitokee maneno”. Na atolewe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, “kwa muda tu”. Mama alinigeukia kama mtaalamu: “Si ndivyo mnavyofanya huko kazini kwenu?” Nikamjibu, “Ndiyo Mama. Ukikata mnyororo, maambukizi yanakufa.”

Niliyasema hayo mimi, mwenye digrii mbili. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa admini wa grupu, aliyebonyeza kitufe cha kumtoa mdogo wangu ni mimi.

Sasa tuulizane vizuri. Hivi kweli imani inaambukiza?

Wazo lina wenyewe

Mama hakulibuni. Richard Dawkins, mwanabiolojia Mwingereza, aliandika kitabu mwaka 1976 ambamo alitoa neno “meme”, miaka mingi kabla halijawa jina la vile vipicha vya kuchekesha tunavyotumiana. Alimaanisha wazo linalojinakili kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, kama jeni zinavyojinakili kutoka mwili hadi mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaenda mbali zaidi, akaandika insha akisema dini ni kama virusi vya akili: inaingia, inajizalisha, inamtumia aliyeibeba ili imfikie mwingine.

Na tuwe wakweli, mfano huu una nguvu yake. Imani nyingi husambaa kupitia watu. Huanza na wachache, hukaa kidogo kama zimelala, kisha hukua kwa kasi. Ukichora kwenye ramani utaona mafungu: mtaa huu wamo wengi, mtaa ule hamna hata mmoja. Ukinionyesha mchoro wa aina hiyo bila maelezo, nitakuuliza ni ugonjwa gani.

Mwanasosholojia wa Marekani, Rodney Stark, alipiga hesabu kama hiyo juu ya Ukristo wa mwanzo katika kitabu chake cha mwaka 1996. Alisema tuseme mwaka 40 kulikuwa na Wakristo 1,000 tu. Wakiongezeka kwa asilimia 40 kila miaka 10, kufikia mwaka 300 watakuwa zaidi ya milioni 6. Ni makisio, si sensa, lakini yanaonyesha kwamba huhitaji muujiza wala umati wa ghafla kufika kule ambako Ukristo ulifika.

Lakini angalia hiyo kasi tena. Asilimia 40 kwa miaka 10 maana yake ni kwamba, kwenye kundi la watu 100, wanaongezeka watatu au wanne kwa mwaka. Basi. Sasa linganisha na surua. Mgonjwa mmoja wa surua katika jamii isiyo na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Haihitaji kumjua mtu. Virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Unaingia kwenye lifti, umeshapata.

Imani haifanyi kazi hivyo. Mama amefanya kazi na Waislamu, Wahindu na Masingasinga maisha yake yote hapa. Kila Ramadhani anakula sambusa zao wakati wa kufuturu wodini, na anazisifia. Hajabadili hata wimbo mmoja wa Jumapili.

Mmoja kati ya 1,000

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stark huyohuyo akiwa bado mwanafunzi, yeye na mwenzake John Lofland walikaa na kundi dogo la dini lililokuwa limefika eneo la San Francisco. Walikuwa wafuasi wa Sun Myung Moon, mhubiri wa Korea, na kiongozi wao pale alikuwa mmisionari mwanamke, Young Oon Kim. Siku hizo walikuwa wachache mno kiasi kwamba ungeweza kumfuatilia kila mmoja: aliingiaje, lini, kupitia nani.

Young Oon Kim alijaribu kuhubiri hadharani na kutoa mihadhara. Watu walisikiliza, wakaenda zao. Walioingia walikuwa wengine: majirani, marafiki, ndugu na wenzi wa wale waliokwisha kuingia. Lofland na Stark waliandika mwaka 1965 kwamba mtu huingia pale uzito wa mapenzi yake kwa walio ndani unapozidi uzito wa mapenzi yake kwa walio nje. Wengi walioingia ndipo walipojifunza hasa mafundisho. Walipenda watu kwanza.

Kuna takwimu nyingine ninayoipenda zaidi. Mwaka 1980 Stark na William Bainbridge walichapisha kumbukumbu za wamisionari wa Kimormoni katika jimbo la Washington. Wale vijana wa shati jeupe na tai, ambao hata hapa Reading wanakugongea mlango wakati unataka kulala. Wakigonga mlango wa mtu wasiyemjua, anayebatizwa mwishoni ni karibu mmoja kati ya 1,000. Lakini mazungumzo yakifanyika sebuleni kwa rafiki au ndugu wa huyo mtu, ambaye ni Mmormoni tayari, anabatizwa karibu mmoja kati ya wawili.

Soma tena. Mafundisho ni yaleyale, wamisionari ni walewale. Kilichobadilika ni kochi ulilokalia na aliyekuletea chai.

Hakuna ugonjwa ninaoujua mimi unaokuuliza kwanza kama unampenda anayekukoholea.

Kuna na suala la wingi. Virusi vinatosha kutoka kwa mtu mmoja. Damon Centola, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2010 jaribio la kuwaunganisha watu mtandaoni kwa mipangilio miwili. Kwenye mpangilio mmoja marafiki zako nao wanajuana. Kwenye mwingine miunganiko imetawanyika kwa bahati nasibu, kila mmoja anakufungulia mlango wa watu wapya. Kama tabia ingekuwa mafua, ule uliotawanyika ungeshinda. Ilikuwa kinyume. Pale ambapo watu wanajuana, asilimia 54 walijiunga na huduma iliyokuwa ikitangazwa. Pale palipotawanyika, asilimia 38. Tabia mpya inayodai kitu kwako inataka uione kwa mtu wa pili, wa tatu, na hao watu wawe wanajuana.

Nyie mnaosoma hapa mnalijua hili kutoka kinywani mwenu. Hakuna aliyepata Kiswahili kwa kupishana na Mtanzania kwenye treni. Umekipata kwa sababu Mama alikigomba nacho, Bibi akakubembelezea kwenye simu, mashangazi wakakucheka na bado wakakupa chakula. Aliyekuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, mara nyingi leo anasikia lakini hajibu. Imani hupita njia ya lugha kuliko njia ya mafua.

Jembe la Bukoba

Haya yote nilikuwa sijayasoma wakati tunamtoa mdogo wangu kwenye grupu. Nilianza kuyatafuta baada ya kumpigia Bibi.

Nilimpigia nikitaka anipe pole. Bibi ana miaka karibu 90, yuko Bukoba, na ni mtu wa Uamsho tangu ujana wake. Kwa wasiojua, Uamsho ni ule mwamko wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda. Gahini, tena, ilikuwa hospitali! Mwaka 1929 daktari mmoja mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi pale, Joe Church, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, naye akawa mwalimu Gahini. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka pale, ukavuka Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliitwa Balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Kama kuna kitu kilichofanana na mlipuko katika historia ya Afrika Mashariki, ni hiki. Na bado ukitazama kwa karibu unakuta rafiki, mdogo wake, mfanyakazi mwenzake.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Naona uso umekunjamana.”

Nikamwambia. Alilia kidogo, sitawadanganya. Bibi anataka wajukuu wake wote wamjue Yesu, na hadi leo anamwombea mdogo wangu kwa jina kila alfajiri. Alipomaliza kufuta macho aliuliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiuliza: “Na sasa hivi nani anamlisha?”

Nikasema ana kazi, Bibi, anajilisha mwenyewe. Nikaongeza kwamba tumemweka pembeni kidogo ili asiwavute wadogo, maana ameambukizwa na marafiki. Hapo Bibi akacheka kicheko kimoja kikavu.

“Baba yangu naye alisema hivyohivyo. Aliniambia nimeletewa homa ya Waganda.”

Hii hadithi sikuwahi kuisikia. Ilikuwa mwaka 1953, Bibi ana miaka 17. Nyumbani kwao walikuwa Wakristo wa kawaida, Jumapili kanisani, basi. Watu wa Uamsho walikuwa wakikusanyika jirani, wakiimba na kuungama hadi usiku. Bibi aliwasikia mara nyingi, na anasema walimchosha. Kisha siku moja mchana kweupe, mke wa jirani aliingia uani kwao akiwa amebeba jembe. Miaka miwili nyuma jembe hilo lilipotea, na huyo mama alikuwa ameapa halijui. Akalilaza miguuni pa baba yake Bibi, mbele ya kila mtu, akasema, “Nililiiba mimi. Naomba unisamehe.”

“Mahubiri hayakunigusa, mjukuu wangu,” Bibi alisema. “Mimi niliguswa na jembe.”

Kuna mtafiti anaitwa Joseph Henrich aliyeliandikia jambo hili mwaka 2009. Anasema binadamu hatuamini maneno hivihivi, kwa sababu maneno ni rahisi. Tunamtazama anayesema: je, anafanya kitu ambacho mtu asiyeamini asingefanya, kitu kinachomgharimu? Kuaibika mbele ya kijiji kwa ajili ya jembe lililokwisha kusahauliwa ni gharama. Ndiyo maana Balokole walisambaa kwa kuungama hadharani na kurudisha vilivyoibwa. Virusi havina haja ya kumlipisha mtu ili viaminike.

Bibi akaanza kwenda kwa yule mama. Baba yake akakataza, akaona haitoshi, akamfukuza: asikanyage pale mpaka “apone”.

“Kwa hiyo nililala wapi? Kwa mama wa jembe. Miezi minne. Nilipoingia kwake nilikuwa bado nina mashaka mengi, nilikuwa hata kuomba kwa sauti naona aibu. Nilipotoka sikuwa na shaka hata moja, maana sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Baba alifunga mlango akidhani anaifungia homa nje. Mimi ndiye aliyenifungia, na huko nje ndiko walikokuwa wao.”

Sikupata usingizi usiku ule.

Hata urefu unaambukiza

Kabla sijawaambia nilichofanya, kuna tatizo jingine la kitaalamu ambalo naona aibu kwamba mimi, wa takwimu, nililisahau.

Tukiona marafiki wawili wana imani moja, tunasema mmoja kampa mwenzake. Lakini ndege wafananao huruka pamoja. Huenda walikuwa wanafanana kabla hawajakutana, ndiyo maana wakakutana. Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha utafiti maarufu uliosema unene unasambaa kupitia marafiki. Mwaka uliofuata wachumi wawili, Ethan Cohen-Cole na Jason Fletcher, walichukua njia za hesabu za aina hiyo wakazijaribu kwa vijana wa Marekani, kwa mambo matatu ambayo rafiki hawezi kukupa: chunusi, kuumwa kichwa, na urefu. Na unajua nini? Hesabu zikaonyesha kwamba vyote vitatu “vinaambukiza”. Rafiki yako akiwa mrefu, nawe utarefuka!

Walichotaka kuonyesha ni kwamba usipokuwa mwangalifu, utaona maambukizi kila mahali.

Tena kuna namna tunavyochagua nani tumwite mgonjwa. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2011 ilikuta asilimia 25.2 ya watu wanasema hawana dini. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 37.2. Waislamu katika kipindi hichohicho walitoka asilimia 4.9 hadi 6.5. Kama tunatafuta kilichosambaa kwa kasi zaidi, tunajua ni kipi. Binamu zangu watatu hawajaingia kanisani tangu kipaimara, na wote waliacha pamoja na marafiki zao wa chuo. Mbona hakuna aliyesema wameambukizwa? Mbona wao wamo kwenye grupu mpaka leo, tena wanatuma meme? Hata Dawkins sijui angejibu nini tukimwuliza kutokuamini kwake alikutoa wapi.

Ukweli ni kwamba neno “kuambukizwa” halielezi jinsi imani inavyopita. Linaeleza tu kwamba hii imani hatuitaki. Imani yetu wenyewe tunasema tumelelewa nayo, tumeiona nuru, tumeokoka. Ya mwenzetu ndiyo kirusi. Na ukishamwita mtu mgonjwa, humwulizi tena anafikiri nini, kwa kuwa mgonjwa hana sababu, ana dalili.

Futari

Nilimpigia mdogo wangu baada ya miezi 11. Ilikuwa Ramadhani. Nikasema nataka kuja. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Njoo magharibi, Dada. Njoo na njaa.”

Nilikuta chumba kidogo, safi kuliko nilivyowahi kuona akiishi. Alikuwa na mwenzake wa nyumba, kijana wa Kisomali, ambaye alinisalimia kwa heshima, akanipa tende na maji, na baada ya kula akatuachia chumba. Mboga zilikuwa kwenye vyombo vya plastiki vilivyofungwa kwa karatasi ya alumini. Mama yake yule kijana ndiye huvituma kila wiki.

Nikamwuliza lile swali la Mama, ila kwa adabu. Ilianzaje?

Alinieleza vitu ambavyo ningevijua kama ningeuliza mwaka mmoja kabla. Kwamba video za mawaidha alianza kutazama akiwa na miaka 19, na kwa miaka mingi hazikumfanya chochote. Kwamba pombe aliacha mwenyewe, miaka miwili kabla hajamjua Mwislamu yeyote kwa karibu, kwa sababu alikuwa anajiogopa. Kwamba alikuwa akienda kanisani peke yake siku za katikati ya wiki, anakaa nyuma, anaondoka. Alikuwa anatafuta. Kisha kazi ikaisha, baridi ikaingia, na kwa wiki kadhaa hakuweza kutoka kitandani. Sisi tulidhani yuko bize.

“Huyu jamaa hakuniambia neno la dini,” alisema. “Alikuwa anaingia saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kazini, ananiwekea chai mlangoni. Baada ya hapo nasikia anaswali. Anafanya zamu ya saa 12 kwenye ghala, na bado anaamka. Nikajiambia, huyu anaamini kweli.”

Nikafikiria jembe.

Halafu akasema kile ambacho kipindini sikuweza kukimaliza.

“Siku nilipowaambia, nilikuwa na wiki tatu tu. Sikuwa na uhakika na mambo mengi. Nilikuwa na orodha ya maswali kwenye simu, na mengine yalikuwa yako wewe, Dada. Kuhusu Yesu, kuhusu Bibi, kama nitaweza kumzika Mama kwa mila zetu. Nilikuwa nasubiri tubaki wawili jikoni nikuulize. Kabla hatujabaki wawili, simu ikaniambia umenitoa.”

Sikuwa na la kusema. Niliomba radhi. Alisema imeshapita, kwa namna ambayo inaonyesha haijapita.

Sisemi kwamba kusilimu kwake kulikuwa ajali ambayo tungeizuia kwa ustadi zaidi. Huenda angekuwa Mwislamu vilevile, na mtu niliyemkuta pale ni mtulivu kuliko mdogo wangu niliyemzoea. Ninachosema ni hiki. Karantini hufanya kazi kwa surua kwa sababu surua haimjali aliyeibeba wala haihitaji apendwe. Kwenye imani, uhusiano ndio njia yenyewe, na ndiyo pia njia pekee ambayo sauti ya upande wa pili ingeweza kupita. Tulipoukata tuliondoa mzani wote wa upande wetu, halafu tukashangaa mzani kulala upande mmoja. Na hata pasipo mzani, tulimwacha kijana aliyekuwa ametoka kuumwa akae bila ndugu kwa miezi 11, kwa sababu ya mfano wa maneno.

Nilimrudisha kwenye grupu usiku uleule, nikiwa kwenye treni. Shangazi mmoja akajitoa. Wengine walinyamaza siku mbili, kisha mtu akatuma picha ya senene, na wote wakaanza kulalamika kwamba hapa Uingereza hakuna senene, na yeye akalalamika pamoja nao.

Mama ilimchukua muda mrefu zaidi. Hajala nyumbani kwa mdogo wangu mpaka leo. Lakini Desemba iliyopita, wiki moja kabla ya Krismasi, alinipigia akiwa dukani, kelele za watu nyuma yake. Alikuwa amesimama mbele ya bucha ambayo hajawahi kuingia, miaka yote ambayo amepita pale akienda kazini.

“Hivi,” alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika, “huyu kuku wao wa halali, unamjuaje kama ndiye?”

Nikamwambia aingie aulize, Mama, watakuonyesha. Akaingia. Simu hakuikata, kwa hiyo nilimsikia akimwambia muuzaji kwamba ni kwa ajili ya mwanangu.

Kama kwenu kuna mtu aliyetolewa kwenye grupu, kwa dini au kwa kuiacha, tuandikieni. Kipindi kijacho tutasoma barua zenu bila majina. Na kama wewe ndiye admini, unajua kitufe kiko wapi.